Mtungi wa Mzee Mihambo

Nyinyi mnaozunguka mitaani na majalada kwapani mkiwahudumia wazee, nakuandikieni nikiwa nimeudhika. Nimeudhika tangu Jumanne. Mke wangu, Mwanaidi, ameniambia kwamba kama hasira zangu haziishi, niziweke kwenye karatasi, maana yeye amekwisha kuzisikia zote na masikio yake hayana nafasi tena.

Jumanne hiyo alikuja binti mmoja wa kwenu. Mtoto mzuri, shikamoo yake imenyooka. Alinikuta barazani kwangu, mahali ambapo tangu nistaafu sibanduki ila kwa kwenda msikitini, kuzika na kulala. Nikampa kiti. Mwanaidi akamletea gilasi ya maji, imefunikwa kisahani. Binti akasema, "Ahsante bibi, nimeshakunywa," akatoa chupa yake mkobani, akaisimamisha karibu na mguu wa kiti. Kisha akafungua jalada.

"Babu, jina lako kamili?"

Nikamwambia.

"Umri?"

Nikakisia.

"Unaishi na nani?"

Mwanaidi alikuwa bado amesimama mlangoni, gilasi mkononi. Nikajibu, "Naishi na jini."

Binti aliandika herufi tatu kabla kalamu haijasita.

"Muulize na jina lake," Mwanaidi akamwambia. "Ndiye anayempikia."

Tulicheka wote watatu, lakini mimi nilicheka kwa nusu ya mdomo. Binti yule nilimfahamu kupita anavyojifahamu. Nilikuwa yeye, miaka ya hamsini, Tanga hii hii, bendera ikiwa bado ya Mwingereza. Nami nilikataa maji nyumbani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Usagara, na kwa kukataa maji yale nusura nimwangamize. Kaeni niwaeleze. Wenye haraka wakapige mihuri yao.

Kwanza mjue mliyempata. Mimi si mtu wa safari. Wenzangu tuliomaliza pamoja Darasa la Kumi walitamani Dar es Salaam, wengine Nairobi. Mimi nilitamani kazi yenye kiti, iliyo karibu na chungu cha mama yangu. Nikasikia kuna ofisi ya serikali mjini inayoshughulikia maskini na wasiojiweza, watu waliiita Welfea, inataka karani. Karani kwa akili yangu ni mtu anayekaa. Siku ya kwanza nikakabidhiwa baiskeli.

Kazi, nikaambiwa, ni kuwatembelea wazee wasio na msaada, kuandika hali zao na kuwatetea mbele ya wakubwa. Kutetea nilikupenda mara moja, kwa kuwa mdomo ninao. Kutembelea ndiko kulikoniua. Mwezi wa kwanza nilitumwa hadi milima ya Amani, kumwangalia mzee mmoja aliyezeeka akipalilia mashamba ya kule. Nilipanda mlima ule na viatu vya ofisini, nikisukuma baiskeli badala ya kuipanda, umande umenilowesha hadi magotini. Nilipofika kwake saa tisa mchana, jirani akaniambia mzee ameshuka Tanga tangu jana kumtafuta karani wa Welfea. Naye aliningoja ofisini siku nzima, kwenye kiti changu.

Aliyenifunza kazi hakuwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu alikuwa Mwingereza mrefu, mtaratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama mistari ya daftari, na hakuwa mtu mbaya. Aliyenifunza alikuwa tarishi, Mzee Kombo, aliyesoma chuoni Kurani yake na basi. Alikuwa akipeleka barua za ofisi mtaa kwa mtaa tangu mimi nikiwa kwenye mbeleko. Siku moja alinitazama nikijaza mkoba fomu, akatikisa kichwa.

"Unakwenda kwa watu na maswali matupu?"

"Niende na nini, Mzee Kombo?"

"Nenda na kiu."

Nikadhani ni mafumbo ya kizee. Akaniketisha akanifafanulia, taratibu, kama anayemfunza mbuzi kupanda ngazi. Ukifika kwa mzee, alisema, usiulize neno. Piga hodi, amkia, ukikaribishwa jamvini keti jamvini, usitafute kiti. Kisha omba maji ya kunywa. Hapo nyamaza utumie macho. Tazama nani anayeinuka kuyafuata. Tazama mtungi umejaa au umebaki matope, kata ya kutekea ni safi au ina ukungu. Mzee asiyeweza kufika bombani lakini mtungi wake umejaa, huyo ana watu, hata akikuapia kwamba hana. Na mzee mwenye wana saba na mtungi mkavu, huyo hana mtu. Andika hivyo, wana wale wakasirike wapendavyo.

"Na usimuulize kama ana njaa," akaongeza. "Hakuna mtu mzima wa pwani atakayekwambia ndiyo. Muulize leo kumepikwa nini. Akikutajia pilau siku ya Jumatatu, ujue hajala tangu Ijumaa."

Nilimshukuru, nikayasahau yote kabla sijafika kwenye baiskeli. Mama yangu alikuwa akinifungia chai kwenye chupa kila asubuhi, kwa hofu kwamba maji ya majumba ya watu yatanidhuru, na mimi nilikuwa mtoto wa mama hata baada ya kuoa. Kwa hiyo kiu sikuwa nayo.

Ndivyo nilivyoingia kwa Mzee Mihambo.

Mzee huyu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja Tanga wakati wa Mjerumani kukata mkonge, akaukata mpaka mkonge nao ukamkata: jicho moja lilichomwa na mwiba wa jani, la pili likafuata lenyewe kwa uzee. Mke wake alikuwa amekufa, watoto hawakupata. Alikaa peke yake kwenye kibanda cha udongo uani kwa watu, Usagara, na jirani mmoja ndiye aliyeileta habari yake ofisini, kwamba kuna kipofu anaishi peke yake.

Nilimkuta ameketi kizingitini anasuka kamba kwa vidole tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti ya mtu aliyeshiba hiyo. Wa wapi wewe?"

"Ofisi ya Welfea, mzee. Nimekuja kuandika hali yako."

"Hali yangu ni hii. Keti. Kunywa maji kwanza, jua kali."

"Ahsante mzee, nina chai yangu."

Vidole vyake vilisimama kidogo juu ya kamba, kisha vikaendelea. Mimi nikafungua fomu. Umri? "Nilifika hapa nikiwa na ndevu, na reli bado inatandikwa." Nikaandika: haujulikani. Ndugu wa damu? "Ndugu wa damu niliwaacha Unyamwezi. Kama wapo, hawanijui. Kama wananijua, wamekufa." Nikaandika: hakuna.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka uani.

"Hodi, nyumba ya marehemu."

"Marehemu yuko kwenu Mkwaja, kaliwa na simba," mzee akajibu, wala hakugeuza shingo. "Pita, Mzigua. Hapa hakuna simba, utaweza kwenda msalani peke yako."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, ana bakuli limefunikwa kawa. Huyo ndiye Bi. Tatu, mkaanga samaki, mtu wa Mkwaja aliyeolewa Usagara.

"Bado unapumua tu?" akamwambia mzee. "Sanda nimekununulia mwaka jana. Sasa mende wameila nusu."

"Basi nizikeni nusu. Nusu nyingine itabaki ikusumbue."

"Na nani wa kukubeba, mbavu zenyewe kama tenga?"

"Mtanibeba nyinyi. Babu zangu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani hii. Nyinyi mtashindwa na mfupa mmoja mpaka makaburini?"

Bi. Tatu akatua bakuli mbele yake, akamsukuma bega kwa kiganja, akaenda zake. Mzee akala huku akicheka peke yake.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni Mdigo, nimezaliwa na kulelewa katika utani. Nilijua vizuri kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani hana ruhusa ya kukuonea huruma waziwazi. Anakutukana ukiwa hai, anakuosha na kukuzika ukifa. Hilo hata kuku wa Tanga analijua. Kwa nini basi niliandika nilivyoandika? Kwa sababu fomu iliuliza, "Anatendewaje na majirani?" na aliyeshika kalamu hakuwa Mdigo, alikuwa Darasa la Kumi. Nikaandika kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kwamba mzee hutukanwa kila siku na mwanamke asiye na uhusiano naye wowote, ambaye hutamka wazi kwamba anangojea kifo chake. Kulikuwa na neno moja humo nililolitafuta kwenye kamusi kwa nusu saa. Hakuna sentensi hata moja iliyokuwa ya uongo. Jihadharini na ripoti ya namna hiyo.

Mkubwa wangu alinisifu. Alisema ni ripoti bora kupita zote nilizoandika, na mimi nikaibeba sifa ile hadi nyumbani nikamsimulia Mwanaidi. Siku chache baadaye barua ikatoka: mzee asiye na jamaa, tena anaonewa na majirani, arudishwe kwao Unyamwezi kwa gharama ya serikali. Atapanda lori la Jumatatu hadi Morogoro, na kutoka huko treni hadi Tabora.

Mzee Kombo akaja mezani kwangu kuichukua barua aipeleke.

"Ina nini hii ya Usagara?"

"Mzee Mihambo anarudishwa kwao."

"Kwa nani?"

Nikafungua faili kana kwamba jina litakuwa limeingia lenyewe.

"Ulikunywa maji pale?" akaniuliza.

"Nilikuwa na chai yangu."

"Yule mzee haoni. Maji nani anamtekea?"

"Sikuuliza."

"Wala sikukwambia uulize." Akairudisha barua mezani, polepole. "Ipeleke mwenyewe. Mimi miguu inaniuma."

Kwa miaka yote niliyofanya kazi na Mzee Kombo, miguu yake iliuma siku ile moja tu.

Nilimsomea Mzee Mihambo barua yake kizingitini. Akaiacha kamba ilale mapajani. Nikaanza kueleza habari ya lori na treni, kwamba serikali italipa, kwamba ni hisani. Akaniinulia mkono.

"Nikishuka kwenye treni, bwana karani, nitampigia nani hodi?"

Nikaikunja barua.

"Mimi kufa sikatai," akasema. "Nimeshajiandaa, hata sanda ninayo, japo nusu. Ninachokataa ni kufa mahali ambapo hakuna wa kunicheka. Huko watanizika kama mzigo usio na mwenyewe."

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Mzee, naomba maji."

"Leo una kiu?"

"Leo ninayo."

"Ingia ndani uteke."

Mtungi ulikuwa pembeni, umekaa juu ya tuta la mchanga mbichi, umejaa hadi shingoni. Kifuniko kimefumwa upya. Nilipoitumbukiza kata, harufu ya ubani ikanipanda puani. Mnajua maana yake? Kuna mtu alikuwa akiuosha mtungi ule, akiufukiza ubani, ndipo akautia maji, kama anavyofanyiwa bwana harusi. Kwa kipofu anayekaa uani kwa watu. Niliyanywa maji yale nikiwa nimesimama, nami nilijiona mdogo kuliko kata.

Asubuhi yake, kabla sijamaliza uji, Bi. Tatu alibisha mlangoni kwangu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliketi kitako kwenye mkeka, akajifunika kanga vizuri, akasema kwa upole, "Bwana karani, tumesikia kwamba mzee wetu anasafiri. Tumekuja kushukuru kwa taabu yako." Akamsalimia mama yangu, akamsifia Mwanaidi kwa uji, akaondoka. Mama yangu aliyejua mambo akaniuliza, "Umemfanyia nini yule mwanamke hata akupe heshima namna ile?"

Sikuugusa tena ule uji. Nikaenda kwa mkubwa wangu.

"Kwa hiyo ripoti yako ilikuwa ya uongo," akasema baada ya kunisikiliza.

"Hapana, bwana, ilikuwa ya kweli."

"Anatukanwa."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku, bwana, isipokuwa wakiwa na harusi."

"Na unataka niache aendelee kutukanwa."

"Ndiyo, bwana."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama mtu anayeangalia saa iliyosimama. Akaniambia nimwandikie maelezo ya utani. Nikaandika kurasa nne. Akazisoma zote, maskini, akasema bado haoni tofauti kati ya mtani na jirani mbaya. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akasema Jumamosi atakwenda mwenyewe aone kwa macho yake, na atakachokiona ndicho kitakachoamua.

Kungekuwa na akili kichwani mwangu ningeyaacha mambo yajiendee. Badala yake nilikwenda kwa Bi. Tatu Ijumaa jioni nikamwagiza: kesho mzungu anakuja, tafadhali, kesho moja tu, usimtukane mzee. Mheshimu. Aone mapenzi.

"Nimheshimu?" akauliza.

"Kama baba yako."

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Jumamosi tukafika, mkubwa wangu na kofia yake, mimi na chupa yangu ya chai. Mzee Mihambo ameketi kizingitini. Bi. Tatu akatokea uani amevaa doti mpya ya kanga, akapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

Kamba ikamponyoka mzee mkononi. "Nani huyo?"

"Mimi Tatu, mjukuu wako. Umeamkaje, babu yangu?"

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, babu."

"Basi ni mimi." Akaanza kuinuka huku akipapasa ukuta. "Semeni. Daktari kasema nini? Tatu, mbona unaniamkia, Tatu? Mmeshauza kibanda?"

"Tulia, babu, tuko pamoja nawe," Bi. Tatu akasema, sauti tamu kama ya mtu anayesoma risala, na mzee akalia. Machozi kabisa, kwenye yale macho yasiyoona.

Mkubwa wangu akaniinamia sikioni. "Unaona? Anamwogopa."

Nimeishi miaka mingi, wajukuu zangu, nimenyeshewa, nimeumwa na mbwa wa watu, nimewahi kufungiwa ndani ya ghala la mkonge kimakosa. Lakini sijaudhika tena kama nilivyoudhika dakika ile, na mwenye makosa kwenye kila upande nilikuwa mimi.

"Bi. Tatu," nikasema, "mtukane."

"Mbele ya mgeni?"

"Mtukane nakwambia, mwanamke, kabla mzee hajatufia."

Akasimama, akajipangusa magoti. Akavuta pumzi.

"We kizee cha Kinyamwezi," akasema, na mtaa mzima ukasikia, "unalia nini? Nani akufie wewe? Ungekuwa wa kufa ungekufa wakati wa Mjerumani, ukatupunguzia kazi ya kukutekea maji. Kunywa unakunywa kama punda, kufa hutaki."

Mzee akaganda. Akageuza sikio. Kisha uso wake wote ukafunguka, akatafuta ukuta akauegemea, akaanza kucheka hadi akakohoa.

"Mshenzi wa Mkwaja," akasema akijifuta macho. "Ulitaka kuniua kwa adabu."

Mkubwa wangu alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akavua kofia, akajipepea, maana jua lilikuwa limepanda, akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, "Naomba maji ya kunywa."

Wallahi sikumfundisha. Ilikuwa kiu tu.

Bi. Tatu akaingia ndani akamletea kwenye kata. Akanywa, akanusa, akachungulia mlangoni akauona mtungi. Akamtazama mzee, akautazama mtungi tena. "Nani anayaleta maji haya?"

"Huyo huyo mbaya wangu," mzee akasema. "Na wanawe, na Wazigua wa nyumba ile ya makuti. Wanagombea zamu kama wanakwenda kuchota asali."

Tukarudi ofisini. Mkubwa wangu alifungua faili, akaichukua barua ya lori akaichana vipande viwili, kwa utaratibu wake. Kisha akachukua fomu mpya, akaniambia niende nikachukue alama ya dole gumba ya mtu atakayemwangalia mzee. Mahali palipoandikwa uhusiano niliandika "mtani". Aliuliza kama kuna neno la Kiingereza. Nikamwambia kwenye kamusi yangu halimo, nami nimeitazama mara nyingi kupita inavyotakiwa. Akatia sahihi.

Lakini hakuniacha hivi hivi. Aliniamuru niende Usagara kila Ijumaa, kwa baiskeli, nimpelekee habari ya mzee yule mpaka mwisho wake. Adhabu gani kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayependa kukaa kwake? Nilikwenda masika na kiangazi. Mzee Mihambo akizisikia breki zangu anasema, "Mwenye chai yake kafika," na mimi ninaingia ndani kuteka maji. Naye Bi. Tatu aliamua kwamba Mdigo naye anastahili kutukanwa, hivyo nikawa napata fungu langu. Mzee Kombo alinicheka hadi alipostaafu. Ile chupa ya chai nilimpa yeye, akaifanya ya mafuta ya taa.

Mzee alikufa baada ya mwaka na miezi, usingizini, mvua za kwanza zikinyesha. Nilifika nikakuta Wazigua wamejaa uani, na imamu ameshika kichwa. Watani walikuwa wameziba njia ya jeneza. Mmoja ameketi kizingitini anasuka kamba ya hewa, macho kayafumba, anauliza kila anayepita, "Nani kafa? Semeni." Imamu anawaomba wampishe maiti, wao wanamwambia maiti mwenyewe hana haraka, amechelewa miaka ishirini.

Kisha Bi. Tatu akatokea. Amevaa kofia ya bua kama ile yangu ya kazini, kwapani ana jalada la magazeti, shingoni amening'iniza chupa tupu kwa kamba. Watu wakaniangalia. Akachutama karibu na jeneza, akajifuta jasho kama ninavyojifuta mimi, akalamba ncha ya kijiti.

"Mzee, jina lako kamili?"

Akatega sikio jenezani.

"Umri? Haujulikani." Akaandika hewani. "Utakunywa maji? Ahsante, nina chai yangu."

Uani pote watu wanacheka, na wengine walikuwa wakicheka huku kamasi zikiwatoka.

"Ndugu wa damu?" akauliza. Akangoja. Akanigeukia mimi, chini ya ile kofia uso wake umelowa wote. "Bwana karani, tuandike nini hapa?"

Nikashika pembe ya jeneza. Basi wakapisha njia, tukamnyanyua, na mpaka makaburini sikulibeba hatua kumi, kwa namna mabega yalivyokuwa yakigombewa.

Baada ya kuzika nilirudi kibandani kufunga faili. Mtungi ulikuwa mtupu. Maji yake ndiyo aliyooshewa. Nikamkuta Bi. Tatu anausugua kwa mchanga. Akausuuza, akauweka kichwani.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa bibi mmoja huko nyuma ya kisima, miguu imemwisha. Si mtani wangu, wala hana jamaa." Akatembea hatua mbili, akasimama. "Usimwandike kwanza. Njoo unywe maji yake."

Nikachukua baiskeli yangu, nikamfuata.

Yule binti wa Jumanne alisahau kalamu yake moja hapa barazani. Ninayo, na nimeandikia haya. Mwambieni aje aichukue siku yoyote, mimi siendi popote. Chupa yake aiache ofisini. Mwanaidi ameshaufukiza mtungi.